UZI: Waksi ipi inadumu kwenye boti ya faiba inayolala majini Kigoma?

#1 Ghuba7
Wakuu, salaam. Boti ya faiba, mita 7, nyeupe, ina mkanda wa bluu ubavuni na kibanda kidogo chenye paa. Inalala kwenye boya ndani ya ghuba ya Kigoma mwaka mzima, inapandishwa nchi kavu mara moja tu kwa mwaka. Ubavu umefifia, ukipitisha kiganja unatoka na unga mweupe. Juu kidogo ya usawa wa maji kuna ukanda mweupe mgumu, sabuni haiutoi. Nimeshaona waksi ya gari ya bati, polishi ya maji ya chupa, na kuna anayenishawishi nipige seramiki (ile kinga ya maji maji inayopakwa ikaganda ngumu). Ipi itakaa, na kiasi gani kinatosha?

#2 Msasa1500
Mkuu, hapo una magonjwa mawili, na waksi haitibu hata moja. Waksi inalinda kilicho kizima.

Unga unaotoka kiganjani ni jelikoti yenyewe. Jelikoti ni poliesta iliyotiwa rangi. Mionzi ya jua ikishaivunjavunja kwa juu, chembe za rangi zinakosa cha kuzishika, zinabaki zimekaa kama vumbi. Ule ukanda mgumu ni kitu kingine: chokaa. Maji ya Tanganyika yana pH karibu 9, na yana magnesi na kaboneti nyingi. Wimbi linalowesha, jua linakausha, maji yanapaa na madini yanabaki. Kesho hivyo hivyo.

Kujua kipi ni kipi, dondosha siki nyeupe. Ikitoa vipovu ni chokaa, ikitulia ni jelikoti iliyochakaa. Halafu mwagia maji sehemu iliyofifia. Rangi ikirudi ikiwa mbichi na kupotea ikikauka, jelikoti bado ipo, inaokoleka. Ukianza kuona nyuzi za faiba, usihangaike na waksi, hiyo inataka rangi ya poliyurethani ya kuchanganya na hadena.

#3 NahodhaBangwe
Na ule mkanda wa bluu utafifia mapema kuliko nyeupe hata ukiupaka sawa. Rangi nzito inabeba joto na inaonyesha unga haraka. Uutazame kwanza kila ukikagua.

Jambo jingine ambalo watu hawaliangalii: boti iliyo kwenye boya inazunguka na upepo, kwa hiyo jua linagawanyika. Iliyofungwa gatini inaumia upande mmoja. Ufuko wetu wote unatazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka upande wa Kongo, linapiga ubavu moja kwa moja na jingine linaruka kutoka kwenye maji. Kwa hiyo ya gatini, ubavu wa ziwani unahitaji tabaka moja zaidi ya ubavu wa nchi kavu.

#4 Ghuba7
Siki imetoa vipovu kwenye ukanda, huko juu kimya. Ukilowesha rangi inarudi. Kwa hiyo inaokoleka. Naanzia wapi?

#5 Msasa1500
Anza na chokaa. Asidi ya limao ya unga, ile inayouzwa kwa mambo ya vyakula, gramu 50 kwa lita moja ya maji. Paka kwa sponji, acha dakika tano bila kuiruhusu ikauke, sugua kwa brashi ya nailoni, suuza kwa maji mengi. Ikibaki, rudia. Usikimbilie dawa ya choo wala maji ya betri. Yanatoa chokaa kweli, lakini yanakula jelikoti na kushambulia boliti na kila chuma kilicho karibu. Waya wa kusugulia masufuria nao usiuguse: unakwaruza, na vipande vinavyobaki vinaota kutu vinaacha madoa ya kahawia.

Kisha osha boti nzima, ikauke, ndiyo ushike msasa wa maji. Anza na namba 1000. Kama unga ni mzito sana, teremka hadi 800, si chini ya hapo. Lowesha, weka tone la sabuni ya vyombo kwenye ndoo, funga msasa kwenye kipande cha mpira laini ili vidole visichimbe mifereji. Mwanzo maji yatatoka kama maziwa. Endelea mpaka ubavu uwe na ukungu wa aina moja bila mabaka, halafu pita na 1500 kwa kukata njia ya kwanza. Hapo boti itaonekana mbaya kuliko ulivyoanza, usiogope.

Jelikoti kwa kawaida ni nusu milimita hadi milimita 0.8, na pembeni ni nyembamba zaidi. Kila kona, kila ukingo, bandika tepu ya karatasi kabla ya mashine. Ukishapiga kompaundi (krimu yenye punje za kusugulia, inayofuata baada ya msasa) karibu na kona, toa tepu umalizie kwa mkono.

#6 FundiKatonga
Kwenye mashine ndipo boti nyingi zinapoharibikia. Mtu anachukua grenda ya kukatia vyuma, anafunga pedi ya manyoya, anapiga. Grenda ile ya inchi nne na nusu inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Jelikoti inaungua pale pale, inageuka njano, na alama ya mviringo haitoki tena bila msasa. Unataka mashine ya polishi inayopunguzwa mwendo, 1,000 hadi 1,500 tu. Manyoya kwa kompaundi, sponji kwa polishi ya kumalizia. Na vitu hivyo viwili usivibadilishane: punje ya kompaundi ikibaki kwenye sponji, utachora duara ubavu mzima.

Fanya kipande cha sentimita 60 kwa 60. Weka matone manne au matano, yasambaze kwa mkono kabla hujawasha, ama sivyo utajipaka wewe na jirani. Mashine iende taratibu, isisimame. Kompaundi ikianza kukauka na kurusha vumbi, nyunyiza maji kidogo.

Na haya yote ni nchi kavu. Waya wa jenereta na maji ya ziwa havikai pamoja.

#7 Ghuba7
Asante fundi. Sasa nirudi kwenye swali. Pia kuna wanaosema mawese yanang'arisha boti vizuri na Kigoma hayana shida kupatikana. Mwingine kasema girisi tu.

#8 Msasa1500
Mawese yanang'arisha siku mbili. Kuna mafuta yanayokauka na yasiyokauka. Ya kitani yanashika oksijeni ya hewani yanakuwa ngozi ngumu, ndiyo maana yanatumika kwenye mbao. Mawese hayafiki huko, yanabaki mafuta. Yananasa vumbi la kiangazi, moshi wa mashine na magamba ya dagaa, yanachacha, na mvua ya kwanza ya Oktoba au Novemba inayachukua vipande vipande. Na ukitaka kupaka waksi baadaye unaanza kwa kuyaondoa.

Girisi ina heshima yake hapa kwetu. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao karibu na mdomo wa Malagarasi, waliipaka mitambo girisi nzito. Ilipoopolewa 1924 mitambo ikawa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Lakini ile ilikuwa chuma, chini ya maji, gizani. Adui wa chuma huko ni maji na hewa. Adui wa jelikoti yako ni jua, na girisi haizuii jua.

#9 AsaliTabora
Habari za huko mwisho wa reli. Kwa nini mnaagiza waksi za mbali wakati nta ya nyuki ya Tabora, Sikonge na Urambo ipo? Nta ni nta.

#10 FundiKatonga
Karibu mnyamwezi, nta yenu tunaiheshimu, ila si kwa ubavu wa faiba. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Kanauba, nta ya majani ya mnazi fulani wa Brazil, inafika 82 hadi 86, na ni ngumu mno. Hata kama ubavu wa bluu uliopigwa na jua la saa nane haujafika 62, nta inalainika mapema sana kabla ya kuyeyuka, na ikilainika inabeba vumbi. Alama ya kila kidole inabaki.

Mahali inapofaa ni mbao za ndani: ukingo wa ndani, mabenchi, mpini wa kasia. Yeyusha sehemu moja ya nta kwa bakuli juu ya maji ya moto, toa mbali na moto, changanya sehemu nne za tapentaini. Ikipoa inakuwa kama siagi. Narudia, mbali na moto, mvuke wa tapentaini unawaka.

#11 AsaliTabora
Nimeelewa. Basi nta iende kwenye mabenchi.

#12 NahodhaBangwe
Tuje kwenye uchaguzi wenyewe. Kuna makundi matatu.

Kanauba tupu, kama waksi nyingi za gari za bati. Mng'ao wake ni mzuri kuliko zote. Kwa boti ya majini kwa jua letu hesabu mwezi mmoja hadi miwili. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Makadirio ya kwenye kopo yanayosema msimu mzima yameandikiwa watu ambao boti zao zinalala ghalani nusu ya mwaka.

Silanti ya polima, yaani kinga ya kiwandani inayopakwa kama waksi, au mchanganyiko wa polima na kanauba, iliyoandikwa kuwa ni ya jelikoti. Miezi mitatu hadi sita. Haing'ai kwa kina kama kanauba lakini inashika. Mfano wa bati gumu la boti ni Collinite 885. Zipo nyingine nyingi. Tazama kopo: iwe ya boti, itaje kinga ya mionzi, na isiwe na punje za kusugulia.

Seramiki. Mwaka mmoja hadi miwili ikipakwa sawasawa. Tatizo ni hilo neno sawasawa.

Ile chupa ya mbili kwa moja, polishi na waksi pamoja, ni ya boti iliyofifia kidogo tu. Kwa hali yako itasugua nusu na kulinda nusu.

#13 Ghuba7
Kama napandisha mara moja kwa mwaka, si seramiki ndiyo inafaa? Napaka mara moja, nimemaliza.

#14 MamaBoti
Hesabu hiyo inaonekana nzuri kwenye karatasi, kaka. Seramiki inataka jelikoti iwe kavu hadi ndani ya vitundu, isiwe na chembe ya mafuta, isiguswe na maji saa 24 za mwanzo, na ugumu wake kamili huja baada ya siku kadhaa, hadi wiki. Ufukweni umande unaanguka kila alfajiri. Bila paa, umeshashindwa. Ukichelewa kufuta, inaganda na michirizi, na michirizi hiyo inatoka kwa msasa.

Tena ubavu wa boti unaguswa. Mitumbwi inajibanza, matairi yanasugua, abiria anaruka na viatu vyenye mchanga. Seramiki ikikwanguka sehemu moja huwezi kuipaka kiraka ukiwa majini. Silanti unaipaka kiraka kwa kitambaa ukiwa ndani ya mtumbwi wa jirani, asubuhi moja ya ziwa tulivu.

Ushauri wangu: ubavu na nyuma, silanti. Paa la kibanda, seramiki kama una pa kulikaushia. Hapo hakuna anayelisugua na ndipo jua linapopiga zaidi.

#15 Msasa1500
Nakubaliana na dada kwa ubavu. Kwa paa nina wasiwasi kidogo: kama kuna mtu anapanda paani kushika kamba au mizigo, usiweke seramiki wala waksi. Pakilowa panakuwa kama ganda la ndizi. Hivyo hivyo sakafu na ngazi, hapo hapakwi kitu chochote cha kuteleza.

#16 Ghuba7
Paani hapandi mtu. Basi nimeamua hivyo. Kiasi?

#17 FundiKatonga
Pima, usikisie. Mita 7 mara kimo cha ubavu juu ya maji, tuseme 0.7, mara pande mbili: mita za mraba 9.8. Ongeza nyuma panapobeba mashine, kama mita 2 kwa 0.5. Unakaribia 11. Kuta za nje za kibanda tuseme 4. Jumla 15.

Waksi ya bati ikipakwa nyembamba inakula kama gramu 10 hadi 12 kwa mita ya mraba. Tabaka mbili ni gramu 300 na kitu, kwa hiyo bati la gramu 400 linatosha na linabaki la viraka. Likikuishia kabla ya tabaka la pili unapaka nene. Unene hauongezi ulinzi, unaongeza kazi ya kufuta tu. Kompaundi chukua lita moja, polishi ya kumalizia nusu lita, manyoya mawili, sponji mbili, vitambaa vya maikrofaiba kumi. Msasa karatasi sita za 1000 na sita za 1500.

#18 MamaBoti
Usisahau hatua ya katikati. Kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo, boti inang'aa uongo, na waksi inakaa juu ya mafuta badala ya jelikoti. Wiki tatu baadaye watu wanalaumu waksi. Futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Spiriti nyingine za duka la dawa zina mafuta ya mbarika, na sanitaiza ya jeli ina gliserini. Zote mbili zinaacha utando. Ukishafuta, kama mng'ao umeshuka, ulikuwa wa mafuta. Rudi kwenye kompaundi.

#19 Ghuba7
Na upakaji wenyewe?

#20 FundiKatonga
Umande uwe umekauka, na uwe kivulini, hata turubai lililofungwa juu linatosha. Weka mgongo wa mkono ubavuni: ukishindwa kuuacha sekunde kumi, pana joto sana, waksi itaganda kabla hujaisambaza. Juni hadi Agosti ni kukavu, ila upepo wa kusini unaleta vumbi na moshi wa nyika zinazochomwa. Piga kazi asubuhi kabla upepo haujaamka.

Sponji iwe na unyevu kidogo, chota waksi kiasi cha harage, kipande cha sentimita 60, duara ndogo ndogo zinazopishana. Inatakiwa uone ukungu mwembamba unaopitisha mwanga. Ukiona cheupe cha kuficha rangi, ni nene. Ngoja, pitisha kidole: kikiacha njia safi, futa. Kikiburuta utando wenye mafuta, bado. Kitambaa kikishajaa, geuza upande, kikijaa pande zote, weka pembeni. Tabaka la pili kesho yake, ili kiyeyushi cha la kwanza kiwe kimetoka. Ingekuwa ya gatini, ubavu wa ziwani ungeongeza la tatu, kama Nahodha alivyosema. Boti ilale usiku mmoja nchi kavu kabla ya kushuka.

#21 NahodhaBangwe
Na chini ya usawa wa maji waksi haiendi kabisa! Huko ni kazi ya rangi ya kuzuia ukoga, na rangi hiyo haishiki juu ya waksi. Weka alama ya usawa wa maji boti ikiwa imebeba mafuta na mzigo wa kawaida, si ikiwa tupu. Bandika tepu, rangi iishie sentimita 5 juu ya alama, na waksi ianze pale rangi inapoishia. Waksi ikidondokea chini, futa kwa asetoni, kitambaa kipya kila mara, mkondo mmoja. Ukizungusha unasambaza.

Kama siku moja utapaka rangi ubavuni, epuka leo polishi zenye silikoni. Silikoni ikiingia kwenye vitundu, rangi inakwepa na kuacha macho ya samaki, vishimo vya duara ubavu mzima, na msasa peke yake hauitoi.

#22 Kayuki_wa_Ujiji
Naingilia. Mtumbwi wa mbao nao unapakwa hii silanti?

#23 Msasa1500
Hapana mkuu. Mbao inavimba na kunywea, silanti inapasuka kwenye maungio. Mbao inataka kalafati nzuri (pamba ya kuziba maungio) na rangi ya mafuta, na waksi itazuia rangi ya mwaka ujao kushika.

#24 MamaBoti
Matunzo sasa. Damu na utelezi wa samaki suuza siku hiyo hiyo, vikikauka vinashika. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi, inavua waksi. Ya vyombo nayo inavua ukiitumia kila wiki. Tumia shampuu ya gari, kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita 10. Ile asidi ya limao ya ukanda wa chokaa nayo inaondoka na waksi, kwa hiyo kila ukiitumia, paka upya sentimita 15 za chini. Bora upitishe kitambaa chenye maji mara mbili kwa wiki pale ukanda unapoanza, chokaa ikiwa bado changa.

Matairi yavishe turubai au mpira wa kapeti, weusi wake unaingia kwenye jelikoti. Kamba ya boya inapopita ukingoni ivishe kipande cha mpira wa maji wa kumwagilia, nusu mita.

#25 Ghuba7
Nitajuaje imeisha kabla unga haujarudi?

#26 NahodhaBangwe
Mwagia kikombe cha maji. Yakijikusanya matone na kuteleza, ipo. Yakilala bapa kama shuka, imekwisha. Lakini usipime sehemu moja. Pima mkanda wa bluu, pima pande zote mbili, pima chini ya tundu la moshi wa mashine. Hapo pa moshi pataisha kwanza, na si lazima upake boti nzima kwa ajili ya hapo.

Kitambaa cheusi nacho kinasema: kisugue mara tano sehemu moja. Kikitoka na weupe umechelewa, kompaundi laini kidogo kwanza halafu waksi. Kikitoka safi na maji yamelala, waksi peke yake inatosha, usiguse kompaundi.

#27 Ghuba7
Chini ya tundu la moshi kuna weusi ulioganda tayari. Ni kompaundi?

#28 FundiKatonga
Jaribu kwanza mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, kisha sabuni, kisha isopropili. Masizi mengi yanatoka hapo bila kupunguza jelikoti. Kinachobaki kama kivuli cha njano ndicho cha kompaundi, kwa mkono.